Mbwa wa Kienyeji na Mbwa wa Nasaba

Sokoni Mlandizi kuku wa kienyeji ana bei kuliko kuku wa kisasa, na wanunuzi hawalalamiki sana. Kila mtu anajua sababu. Nyama yake ni ngumu kidogo lakini ina ladha, amejitafutia riziki mwenyewe, na amekua kwa muda wake bila kuharakishwa. Neno hilo kienyeji, likiwekwa nyuma ya kuku, ni sifa. Sasa liweke nyuma ya mbwa. Mbwa wa kienyeji ni yule anayetupiwa jiwe kabla hajafanya kosa, anayekula ukoko wa ugali kama umebaki, na ambaye akifa hakuna anayeuliza amekufa kwa nini. Neno ni lile lile na ua ni ule ule; tena mara nyingi wawili hao hulala hatua chache tu baina yao, mbwa akimlinda kuku dhidi ya kicheche. Nimejiuliza kwa muda mrefu imekuwaje mmoja aheshimiwe kwa uenyeji wake na mwingine adharauliwe kwa uenyeji huo huo.

Jambo hili lilinirudia kwa nguvu pale kijana mmoja wa ukoo wetu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, alipokuja Dutumi kunisalimia wakati wa sikukuu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alitoa simu yake akanionyesha picha ya mbwa mkubwa wa rangi ya dhahabu, manyoya marefu laini, macho ya upole kama ya mtu anayesikiliza hotuba. "Huyu anaitwa golden retriever, babu," akasema. Alikuwa anataka kununua mtoto wa mbwa wa aina hiyo, kwa bei ambayo huku kwetu ingenunua ng'ombe na chenji ikabaki. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu: "Ana nasaba, babu. Ana cheti." Mtu ambaye ametia saini vyeti vingi maishani, kama nilivyofanya mimi katika vyuo vya ualimu, hashtuki akisikia neno cheti. Huuliza tu kimeandikwa nini, na nani ameandika.

Basi na tuanze hapo. Cheti cha golden retriever kinatoka wapi?

Mbwa huyu ana historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa kwa jumla ni rafiki wa kale wa binadamu. Aliishi nasi zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla hata ya mtu wa kwanza kupanda mbegu kwa makusudi. Lakini golden retriever ni wa juzi. Katika karne ya 19 bunduki za kuwindia zilizidi kuwa bora, na matajiri wa Uingereza waliokuwa wakiwinda bata maji na ndege wengine wakawa wanawaangusha mbali, ng'ambo ya maji na ndani ya matete. Walihitaji mbwa wa kwenda kuwaokota ndege hao na kuwaleta bila kuwatafuna. Huko Uskoti, mahali paitwapo Guisachan, tajiri mmoja jina lake Dudley Marjoribanks, ambaye mwaka 1881 alikuja kupewa cheo cha Lord Tweedmouth, aliamua kumtengeneza mbwa huyo. Mwaka 1868 alimpandisha dume wa rangi ya manjano aliyeitwa Nous kwa jike aliyeitwa Belle, wa aina ya mbwa wa majini wa bonde la mto Tweed, aina ambayo leo haipo tena duniani. Watoto waliozaliwa walikuwa wa manjano. Akaendelea kuchagua na kupandisha, na jambo kubwa zaidi ni kwamba aliandika. Daftari lake linaanza mwaka 1868 na kufika mwaka 1890.

Sasa msomaji atazame baba wa ukoo huu mtukufu alikuwa nani. Nous alikuwa mtoto wa manjano aliyetokea katika uzao wa mbwa weusi, na inasimuliwa kwamba Marjoribanks alimnunua katika mji wa Brighton kwa fundi viatu, ambaye naye alikuwa amempokea kama malipo ya deni. Nasaba yote inayouzwa leo kwa bei ya ng'ombe ina mizizi katika mbwa asiyefanana na nduguze, aliyekuwa mikononi mwa mshona viatu.

Watu hawakuipenda hadithi hiyo. Kwa miaka mingi ilisimuliwa nyingine yenye fahari zaidi, kwamba Lord huyo alinunua kundi zima la mbwa wa Kirusi kutoka katika sarakasi, na kwamba golden retriever ni kizazi chao. Hadithi hiyo ilidumu hadi mwaka 1952, daftari la Guisachan lilipotolewa hadharani, na ikaonekana hakuna Mrusi wala sarakasi. Sisi watu wa Pwani tusiwacheke Waingereza kwa jambo hili. Nani kati yetu hajasikia ukoo fulani wa mwambao ukisimulia kwamba ulishuka kutoka Shirazi katika majahazi saba, wakati mabibi zao wamezikwa hapa hapa kwa vizazi visivyohesabika? Mtu akishapata heshima hutaka iwe imetoka mbali.

Ni haki nimpe mbwa huyu sifa yake. Yule mzee wa Uskoti alichagua vitu vizuri. Alitaka mbwa mwenye kinywa laini, awezaye kubeba ndege bila kumtoboa ngozi. Mbwa anayependa maji. Mbwa anayemtazama mtu usoni na kungoja aambiwe. Baadaye, uwindaji ulipopungua umuhimu, tabia hizo zilibaki na kupata kazi nyingine. Golden retriever ni miongoni mwa mbwa wanaotumika sana kuwaongoza vipofu, na kuwatafuta waliofukiwa na vifusi. Mwaka 1913 Kennel Club ya Uingereza iliwapa sehemu yao katika daftari lake, mwaka 1925 wa kwanza akaandikishwa Marekani, na Rais Gerald Ford alipomfuga mmoja Ikulu ya Marekani tangu mwaka 1974, umaarufu wao ulipanda maradufu. Simlaumu kijana wetu kwa kumpenda. Ningekuwa na umri wake labda ningempenda pia.

Lakini kuna mbwa mwingine ambaye habari yake inatuhusu zaidi.

Neno shenzi msomaji analijua. Hapo zamani waungwana wa Bagamoyo na miji mingine ya mwambao waliwaita watu wa bara washenzi, na hiyo bara kwao haikuwa mbali, ilianzia pale minazi ilipoishia. Kwa hiyo babu zetu wa Dutumi, umbali wa siku chache tu za kutembea kwa miguu, walihesabiwa humo. Baadaye walowezi wa Kizungu huko Kenya waliliokota neno hilo wakalitia katika Kiingereza chao, na mbwa wa Kiafrika asiye na ukoo unaojulikana wakamwita kwa jina hilo. Hivyo tusi lililotungwa na Mswahili wa mjini dhidi ya Mswahili wa shamba lilihamia kwa mbwa, na hapo likatulia hadi leo. Wengi wetu tunalitumia kwa mbwa bila kukumbuka kwamba lilitutangulia sisi.

Magharibi zaidi, katika misitu ya Kongo, kuna mbwa mdogo wa rangi nyekundu na nyeupe, masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi, mkia umejikunja juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti kama mtu anayejaribu kuimba. Kwa kuwa yuko kimya, wawindaji wa huko humfunga njuga ya mti ili wasikie alipo anapowafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Wazungu walijaribu kumpeleka kwao tangu zamani. Wawili walionyeshwa London mwaka 1895, wakafa kwa maradhi muda si mrefu. Mwaka 1936 mama mmoja wa Kiingereza, Olivia Burn, alifaulu, na mwaka uliofuata mbwa hao walipoonyeshwa katika maonyesho makubwa yaitwayo Crufts, watu walijaa kuwatazama. Wakaandikwa katika daftari. Na jina walilopewa ni lipi? Basenji. Neno hilo la Kongo ni ndugu wa neno letu washenzi.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo kama nilivyosimama mimi nilipolijua jambo hili. Mbwa yule yule, ambaye akikaa kijijini kwake ni mshenzi, alivuka bahari, akaandikwa, na ushenzi wenyewe ukageuka kuwa jina la ukoo bora. Hakubadilika hata unywele mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliinama akamtazama, akauliza baba yake ni nani, akalishika jibu kwa kalamu.

Kisha yakatokea mambo ambayo naona ni funzo kuliko yote. Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache sana. Daftari lilikuwa limefungwa. Asiyekuwa na wazazi walioandikwa hakuruhusiwa kuingia. Ndugu wakapandishwa kwa ndugu, vizazi baada ya vizazi, na maradhi ya kurithi, hasa ugonjwa mmoja wa figo, yakaenea. Wafugaji wakatambua kwamba usafi wa damu unawaua mbwa wao. Basi mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifunga safari hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakaenda vijijini kutafuta mbwa wasio na cheti chochote. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa, na mbwa 14 wapya wa vijijini wakaingizwa humo. Wenye nasaba walirudi kuomba damu kwa wasio na nasaba.

Golden retriever naye hakusalimika. Wengi wao hufa kwa saratani, kiasi kwamba mwaka 2012 Wamarekani walianza utafiti wa kuwafuata mbwa zaidi ya 3,000 wa aina hiyo maisha yao yote, ili wajue sababu. Mbwa wetu wa kienyeji hajawahi kufuatwa na mtafiti kwa jambo hilo. Yeye hufa mapema kwa njaa, kwa gari, kwa sumu na kwa minyoo. Kama ana saratani hatujui, maana haishi miaka ya kutosha kuipata.

Chuoni tulikuwa na mada katika somo la saikolojia ya elimu iliyoitwa urithi na mazingira. Kila mwaka wanafunzi walibishana: mtoto huwa alivyo kwa sababu ya damu aliyozaliwa nayo, au kwa sababu ya malezi? Na kila mwaka nilimwona angalau mwalimu mwanafunzi mmoja ambaye, akishaambiwa kwamba mtoto fulani ni wa nyumba fulani, alikuwa amekwisha kumsahihisha kabla hajafungua daftari lake. Mwalimu wa namna hiyo haoni watoto, anaona baba zao. Nilikuwa nikiwaambia kwamba orodha ya mahudhurio ina majina tu, haina alama, na ina sababu ya kuwa hivyo.

Kwa mbwa swali hilo limepimwa. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha utafiti uliotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 pamoja na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Waliona kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Haimaanishi kwamba damu si kitu. Katika utii, yaani wepesi wa kufuata anachoambiwa na mtu, ukoo ulionekana kuchangia zaidi kuliko katika mambo mengine, na hapo mzee wa Guisachan anastahili pongezi zake. Lakini sehemu kubwa inabaki nje ya cheti. Inabaki katika mbwa mwenyewe, na katika mikono iliyomlea.

Hapa ndipo penye shauri langu, na najua wapo watakaolikataa. Tunapomsifu golden retriever tunadhani tunasifu damu. Ninaona tunasifu uangalizi: zaidi ya miaka 150 ya watu kumtazama mbwa, kumlisha, kumfundisha, kumchagulia mwenzi, kuandika jina lake. Na tunapomdharau mbwa wetu tunadhani tunadharau damu duni, kumbe tunatazama matokeo ya kutotazama. Ukimchukua mtoto wa golden retriever ukamwacha jalalani Mlandizi, akakua kwa mawe na mabaki, baada ya mwaka mmoja, kama bado yu hai, utakuwa na mbwa mwoga, mwizi, mwenye upele, na hutahitaji cheti kumtambua.

Mbona basi mbwa wetu, pamoja na kupuuzwa kote huko, anafanya kazi? Aliyelala kwenye dungu wakati wa kulinda shamba la mahindi au muhogo anajua. Usiku nguruwe pori wanapoingia, mtu husikia baadaye sana. Mbwa amekwisha kusikia, amekwisha kushuka, na mara nyingine amekwisha kuraruliwa. Asubuhi ngedere wakija ni yeye. Hakufundishwa na mtu kazi hiyo. Alimfuata mama yake. Malipo yake ni ule ukoko nilioutaja, na jina la kumsema jirani, maana huku mbwa ndiye gazeti la nyumba: utasikia mbwa anaitwa Watasema, mwingine Hawapendi, na jirani anayepita akisikia mbwa akiitwa kwa sauti kubwa anajua ujumbe ni wake.

Wengine hutoa sababu ya dini. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii tunajua hukumu ya mate ya mbwa na kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na wahenga wamekwisha kuonya kwamba anayemzoea mbwa ataingia naye msikitini. Sibishani na hukumu. Nasema tu kwamba najisi ni sheria ya usafi wa mtu kabla ya ibada, si ruhusa ya kupiga mawe. Imamu Malik alikuwa na rai nyingine kuhusu mbwa, na kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa uwindaji kumeruhusiwa. Kila Ijumaa wapo wanaosoma sura ya watu wa pangoni, na mlangoni mwa pango hilo yumo mbwa amenyoosha miguu yake. Wanazuoni wanasimulia pia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alishuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Hakuna aliyeuliza mbwa yule alikuwa wa ukoo gani.

Swali hili si la starehe ya mzee aliyestaafu. Miaka michache iliyopita mtoto mmoja wa kijiji cha jirani aliumwa na mbwa ambaye hakumchokoza. Mama yake, Mungu ambariki, aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, akampeleka hospitali siku ile ile, na chanjo ikapatikana. Bila hayo, dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na watoto ni wengi mno kati yao. Ukaitishwa mkutano, na mzee mwenzangu mmoja, mtu wa busara katika mambo mengi, akapendekeza mbwa wote wasio na wenyewe wauawe. Wengi walipiga makofi.

Niliuliza wasio na wenyewe ni wapi. Maana mbwa wetu ana tabia ya ajabu: mchana, akiiba samaki au akimkimbiza mtoto, si wa mtu. Usiku, mwizi akipita na kufukuzwa, kila nyumba asubuhi inasema mbwa wetu ndiye aliyebweka. Watu walicheka, lakini hakuna aliyejibu. Tena kuua hakusaidii. Mbwa wakipungua mahali, wengine huhamia, na wanaohamia hawajachanjwa. Wataalamu wanasema ugonjwa hukatika wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 na kuendelea hivyo. Kisiwani Pemba umekatika kwa njia hiyo, ukarudi mwaka 2016, ukakatika tena walipochanja upya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtwika mfugaji wajibu, ila sheria humtafuta mwenye mbwa, na mwenye mbwa ndiye huyo ambaye mchana haonekani.

Kijana wetu bado hajanunua. Nilimuuliza nani atakaa na mbwa huyo mchana kutwa, yeye akiwa kazini, na yale manyoya ya Uskoti yatafanyaje katika joto la Februari la Dar es Salaam. Alisema atafikiri. Sikumwambia amchukue wa kienyeji. Mbwa wa kienyeji akichukuliwa kwa ajili ya kumridhisha mzee, atafungwa nyuma ya nyumba na kusahauliwa.

Mkutano wetu uliishia kwa kumwita afisa mifugo. Alikuja na kisanduku cha barafu chenye chanjo, na meza moja, na daftari. Watoto ndio waliowaleta mbwa, wamewafunga kamba za mkonge, wengine wamewabeba. Afisa alikuwa akiuliza mambo mawili kabla ya sindano: jina la mbwa, na jina la mwenyewe. La kwanza watoto walilijibu haraka. Kwa la pili, wengi waligeuka kuwatazama watu wazima waliosimama chini ya mwembe, na afisa akangoja, kalamu mkononi, foleni ikizidi kuwa ndefu.